Nilimlaumu Mlinzi Bure

Ndugu msomaji, ninakuandikia wewe uliyekabidhiwa kompyuta ambayo watu wengine wanaitegemea. Huenda ni seva ya zahanati, ya shule, ya parokia, au ya chama cha akiba na mikopo kama ninachokitumikia mimi. Huenda unaamini, kama nilivyoamini, kwamba unaitunza vizuri. Sina elimu kubwa ya kukupa. Nina habari ya jinsi nilivyofunguliwa macho, na ninamshukuru Mungu kwamba nilifunguliwa nikiwa bado na nafasi ya kutengeneza nilichoharibu.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa SACCOS moja katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Wanachama wetu ni walimu, wakulima wa viazi na chai, na akina mama wa sokoni. Akiba zao, hisa zao na marejesho ya mikopo yao vyote viko ndani ya seva moja iliyowekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mhasibu. Haina skrini wala kibodi. Inatumia Linux, inawaka usiku na mchana, na pembeni yake ipo UPS ya kuishikilia umeme unapokatika.

Nilijifunzia kompyuta kwenye mashine za zamani, zile ambazo swichi zake zilikata umeme moja kwa moja. Windows 95 ilipomaliza kujifunga iliandika kwenye skrini nyeusi kwamba sasa ni salama kuizima, ndipo mtu akabonyeza swichi. Wengi wetu hatukuwa na subira ya kuungoja ujumbe ule. Tulibonyeza, tukaondoka.

Mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika, ila mimi sikubadilika nayo. Mwaka 1995 Intel walitoa muundo wa ATX, na tangu hapo kitufe cha mbele ya kompyuta kikaacha kukata umeme. Waya zake mbili nyembamba huenda kwenye mazabodi, na kazi yake ni kupeleka taarifa. Mwishoni mwa 1996, Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa kanuni za ACPI, zinazoeleza jinsi taarifa hiyo inavyoufikia mfumo endeshi. Kitufe kikibonyezwa na kuachiwa, mfumo unaambiwa, nao ndio unaoamua la kufanya. Kikishikiliwa kwa sekunde 4, mashine inakatwa umeme papo hapo, na mfumo hauulizwi neno. Nilifanya kazi miaka mingi bila kuijua tofauti hiyo. Kwangu mimi, kitufe kilikuwa kitu cha kushikilia mpaka taa zizimike.

Nilipoiweka seva ile, ilikuja ikiwa na utaratibu mzuri ambao sikuuomba. Mtu akibonyeza kitufe mara moja, Linux yetu ilikuwa inajizima yenyewe kwa utaratibu: inaziambia programu zote zimalize kazi na kufunga, inaandika kwenye diski kila kilichobaki, kisha inakata umeme. Nilikuta hivyo, na nikakiharibu kizuri nilichokikuta.

Ilitokea hivi. Dada anayefanya usafi alikuwa akifuta vumbi, kitambaa chake kikagusa kitufe, na seva ikajizima saa za kazi. Wateja walikuwa kwenye foleni. Sikupotelewa na kitu chochote siku ile, kwa sababu mashine ilijizima salama na nikaiwasha tena. Lakini niliona aibu mbele ya wateja, na aibu ikageuka hasira. Jioni ile nikafungua faili la /etc/systemd/logind.conf na kuandika HandlePowerKey=ignore. Maana yake ni kwamba kitufe kikibonyezwa, mfumo usifanye lolote. Nikafurahi. Nikajiambia kwamba kuanzia leo hakuna atakayeizima seva hii isipokuwa mimi, kwa neno la siri nililonalo peke yangu.

Sitaki kulipamba jambo hili. Nilipenda kuwa mtu pekee anayejua. Umeme ulipokatika usiku nilipigiwa simu, nikaja mbio, na watu wakanishukuru. Nikiwa mbali au simu haina chaji, hakuna aliyeweza kuizima mashine ile kwa usalama. Sikuliona hilo kuwa tatizo langu. Na mimi mwenyewe, nilipokuwa na haraka, sikuunganisha skrini wala kuandika amri. Nilishikilia kitufe mpaka taa zikazimika, mbele ya macho ya kila aliyekuwapo.

Basi seva ikaanza kuugua. Mara iwake na kukawia sana kwa sababu inakagua diski. Mara jedwali moja la hifadhidata ligome kufunguka mpaka nilitengeneze. Nililaumu umeme wa mji wetu. Nililaumu diski, nikaomba fedha za kununua mpya, nikapewa. Tatizo likabaki.

Nieleze kilichokuwa kikitokea ndani, maana ndicho nilichokuwa kipofu nacho. Kompyuta haiandiki kwenye diski kila kitu wakati ule ule inapokipokea. Ili iende haraka, hukiweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha hukipeleka kwenye diski baadaye kidogo. Ni kama karani mwenye karatasi mezani ambazo bado hajazifungia kabatini. Ukimtoa ofisini ghafla na kuimwagia meza maji, za kabatini zitapona na za mezani zitaharibika. Linux kwa kawaida yake inaweza kukaa na maandishi hayo hadi sekunde 30 au zaidi kidogo kabla ya kuyaandika. Mifumo ya faili ya sasa ina daftari la ndani linaloisaidia kujinusuru, lakini daftari hilo hulinda zaidi mpangilio wa faili kuliko yaliyomo ndani yake. Na programu yetu ya akiba ilikuwa ya zamani. Majedwali yake yalikuwa ya aina ya MyISAM, iliyokuwa chaguo la kawaida la MySQL kabla ya toleo la 5.5 la mwaka 2010. Aina hiyo haina uwezo wa kurudisha nyuma kazi iliyokatika katikati. Ikikatwa umeme inapoandika, jedwali hubaki limevunjika, na ukilitengeneza baadhi ya mistari inaweza isionekane tena.

Usiku wa mwisho wa mwezi mmoja, seva ilikuwa ikipiga hesabu za riba za wanachama wote. Kazi hiyo huenda jedwali kwa jedwali. Umeme ukakatika. UPS ikaanza kulia. Mlinzi wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, alinipigia simu. Yangu ilikuwa imezimwa. Asubuhi nilipoiwasha seva, majedwali ya akiba na mikopo yalikuwa yamevunjika. Niliyatengeneza, na yalipofunguka nikaona mapengo. Nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya wiki iliyotangulia.

Nilimwendea mzee. Nilimuuliza kwa ukali aliifanyia nini mashine. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nilikibonyeza kile kitufe, hakikusikia. Nikabonyeza tena, hakikusikia. Ile nyingine inazidi kupiga kelele, nikaogopa moto. Nikakishikilia kama ninavyokuona wewe unavyofanya."

Sikusikia neno lolote katika hayo isipokuwa "nikakishikilia". Nilikwenda kwa meneja nikasema mlinzi ndiye aliyeua hesabu. Mzee yule akaandikiwa barua ya onyo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaitia mfukoni.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mweka hazina wetu, mama asiyeziamini mashine kupita kiasi, alikuwa hajaacha kuandika leja kwa mkono. Tuliketi naye usiku baada ya usiku tukisoma leja na kuingiza upya. Wanachama walikuja na vitabu vyao. Mama mmoja wa sokoni alikuja na kitabu chake kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya khanga, na risiti zake zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Hakugombana nasi. Alikaa kwenye benchi mpaka mstari wake wa mwisho ulipoingia, akashukuru, akaondoka. Nilijua kwamba yeye ameitunza akiba yake vizuri kuliko mimi niliyelipwa kuitunza.

Wakati huo tulikuwa na binti mmoja wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Alikuwa mkimya, na mimi nilikuwa nimempa kazi za kubeba nyaya tu. Siku moja akaniomba kwa adabu, "Samahani fundi, naweza kusoma kumbukumbu za seva za usiku ule?" Nikamruhusu, nikiwa na hakika hatapata kitu.

Akaandika amri ya journalctl na kuurudisha muda hadi usiku ule. Kisha akasogeza kiti ili nione. Kulikuwa na mstari unaosema kitufe cha kuwashia kimebonyezwa. Chini yake, mwingine. Kisha mwingine, na mwingine, kila mmoja na saa yake, kuanzia muda mfupi baada ya umeme kukatika. Baada ya mistari hiyo, maandishi yalikoma ghafla.

"Mzee alikuwa anakibonyeza," binti akasema. "Mfumo ulikuwa unasikia, fundi. Ila kuna mahali umeambiwa usijibu."

Nilikumbuka papo hapo mahali penyewe, na mkono wa nani ulipaandika. Nilikaa kimya nikiitazama mistari ile. Mzee alikuwa amesema kweli, neno kwa neno. Alifanya jambo sahihi mara nyingi kabla ya kufanya lile lisilo sahihi, na hilo lisilo sahihi nilimfundisha mimi kwa matendo yangu. Kama nisingekifunga kitufe, kubonyeza kwake kwa mara ya kwanza kungetosha: programu zingeambiwa zifunge, majedwali yangefungwa vizuri, diski ingeandikwa, na hesabu za riba tungezishughulikia kesho yake bila mapengo.

Nilipambana na nafsi yangu. Hakuna aliyejua isipokuwa binti yule, na yeye asingesema. Ningeweza kurekebisha mstari mmoja kimya kimya, na barua ya mzee ingebaki kwenye faili lake. Ninakiri kwamba niliwaza hivyo, na si kwa dakika moja. Kilichonishinda ni kumwona mzee jioni ile akinifungulia geti. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaniitikia, "Marahaba mwanangu, pole na kazi," kana kwamba sijamtendea lolote.

Kesho yake nilikwenda kwa meneja nikiwa nimechapisha mistari ile, nikaeleza yote. Nilikuwa tayari kufukuzwa, na nisingelalamika. Meneja akamwita mzee, akamwambia ukweli mbele yangu, akamuuliza angependa mimi nichukuliwe hatua gani. Mzee akanitazama kwa muda. Akasema, "Mama, huyu ni kijana wetu. Barua yangu iondolewe, inatosha. Ila anifundishe ile mashine inazimwaje, maana usiku ninabaki nayo mimi."

Msamaha ule sikuustahili. Sikuwa nimemlipa chochote, na nilikuwa nimemvunjia heshima uzeeni. Barua ilitolewa kwenye faili, nami nikabaki kazini. Nimekuwa nikijaribu tangu siku hiyo kuishi kama mtu aliyesamehewa.

Kazi ya mikono ilikuwa fupi. Nilifungua faili lile lile, nikaandika HandlePowerKey=poweroff badala ya neno nililoliweka, nikaiwasha mashine upya ili lisomwe. Binti akanishauri tusiishie hapo. Tulibadilisha majedwali yawe ya aina ya InnoDB, ambayo ikikatika katikati hujirudisha yenyewe kwenye hali sahihi inapowashwa. Tuliunganisha UPS na seva kwa waya wa USB, na kwa programu ya Network UPS Tools seva sasa inajua betri inapokaribia kwisha na inajizima hata kama hakuna mtu. Nakala rudufu sasa huchukuliwa kila usiku. Na lile jambo la kitambaa cha usafi, lililoanzisha yote, tulilimaliza kwa kifuniko kidogo cha plastiki juu ya kitufe. Kinafunguka kwa kidole. Dawa ilikuwa rahisi kiasi hicho, nami nilikuwa nimeliziba sikio la mashine nzima.

Kisha nikafundisha. Niliwaita mlinzi, dada wa usafi, mhasibu na mweka hazina, na tukajaribu pamoja siku isiyo ya kazi. Bonyeza mara moja, uachie. Usishikilie. Ngoja. Niliwaeleza kwamba mashine haizimiki papo hapo, na kwamba kungoja huko ndiko usalama wenyewe. Mfumo huiomba kila programu ifunge. Ile inayochelewa hupewa muda, kwa kawaida hadi sekunde 90, kabla ya kufungwa kwa nguvu. Feni ikinyamaza na taa ya mbele ikizimika, imekwisha. Mzee alikibonyeza kwa mkono wake. Mwanzoni hakuna kilichoonekana, naye akanitazama kwa wasiwasi, nikamwambia, "Ngoja kidogo mzee, inamaliza kazi." Ikazimika. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Sikupona siku moja. Mazoea ya kushikilia kitufe yalikuwa yameingia kidoleni. Mara kadhaa nilijikuta nimekwisha kukigandamiza, nikakumbuka, nikakiachia upesi. Na ile hamu ya kuwa mtu pekee anayejua ilirudi pia, hasa nilipoona watu hawanipigii simu tena usiku. Niliomba niondolewe hamu hiyo, na pole pole ikapungua. Sasa umeme ukikatika ninaamka, ninakumbuka kwamba mzee yupo na anajua, ninalala. Asubuhi ninasoma kumbukumbu: kitufe kimebonyezwa, hifadhidata imefungwa, diski imefungwa, mashine imezimwa. Ninaiwasha, na majedwali yanafunguka bila kutengenezwa.

Ndugu msomaji, kama upo pale nilipokuwa, usikate tamaa wala usione aibu kuanza. Waarifu watu wahifadhi kazi zao, kisha bonyeza kitufe cha mashine yako mara moja na kukiachia, uone itafanya nini. Ikijizima kwa utaratibu, shukuru na uwaonyeshe wenzako. Isipofanya lolote, tazama faili la logind.conf kwenye Linux ya sasa, uone kitufe kimeagizwa nini. Kama Linux yako ni ya zamani isiyo na systemd, weka programu ya acpid na uielekeze itoe amri ya kuzima kitufe kinapobonyezwa. Kama mashine ina mazingira ya dawati, mara nyingi hayo ndiyo yanayokishika kitufe, basi tafuta kwenye mipangilio yake ya umeme. Kwenye Windows pia ipo sehemu ya kuchagua kitufe kifanye nini: kuilaza mashine, kuizima, au kutofanya lolote. Kule kukishikilia kwa sekunde 4 kuache kwa siku ambayo mashine imeganda kabisa na hakuna njia nyingine.

Na kabla hujamlaumu mtu yeyote, soma kumbukumbu. Aliyebaki na mashine usiku huenda alikuwa akifanya lililo sahihi, na wewe ndiye uliyeizuia isimjibu. Hesabu zilizo ndani si zako, ni za watu. Mpe kila anayebaki nazo njia salama ya kuizima, na umfundishe leo.